Uliza mvua ya juu kabla ya kupanda boti

Mwanangu Saumu,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, na mguu wa bibi yako umepungua uvimbe. Ile video ya boti za mtoni uliyotuma nimeiona. Mama yako kaitazama mara moja, akanirudishia simu bila kusema neno, kwa hiyo barua naandika mimi.

Mambo ya kazini nayaelewa. Mkubwa wa ofisi akisema twende Sagana tukapande boti za mpira, mtu aliyeajiriwa juzi hana mdomo wa kukataa. Lakini kwa nini Aprili, masika yamekolea? Umeniandikia kwamba wenye boti wanasema maji yakijaa ndipo panapendeza. Watasema hivyo, ndiyo biashara yao.

Huo mto ni Tana hii hii inayotupita hapa Garsen. Inashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, na hapo Sagana bado ina mteremko na mawe. Sisi wa mwisho wa mto tuna Masinga na mabwawa mengine manne yanayotupunguzia nguvu za maji. Ninyi mko juu ya Masinga, haliwafai kitu. Na hata sisi, mwaka 2024 maji yaliingia mpungani siku ambayo mawingu hayakuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha kwa watu wengine.

Kwa hiyo usitazame mbingu ya Sagana. Muulize nahodha wenu: usiku huko milimani kumenyesha? Mto umepanda kiasi gani tangu jana? Akikujibu kwa kukuchekea, kaa ukingoni, washikie wenzako mikoba. Mkifika, chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, mle kitu, msikilize maelekezo, kisha ukitazame tena. Kikiwa kimezama, sema kwa sauti, usimnong'oneze jirani. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kuleta majani na vijiti, ujue mvua ya juu imeshafika.

Mtoto wa shangazi yako aliwahi kufanya kazi huko, nimemhoji jioni nzima. Anasema mito hiyo hupewa madaraja ya ugumu, la kwanza mpaka la sita, na hilo la sita si la wageni. Sehemu ya daraja la tatu inaweza kuwa kitu kingine kabisa mto ukipanda, kwa hiyo usipokee jibu la "ni daraja la tatu tu". La tatu kwa maji ya lini?

Jaketi la kuokolea lifungwe mikanda yote, kisha mwenzako alivute kwa nguvu mabegani. Likipanda hadi masikioni, limelegea. Ukidondoka, lala chali, miguu itangulie mto unakoelekea, vidole vionekane juu ya maji. Usijaribu kusimama maji yanapokwenda kasi, hata yakiwa ya magoti, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Na mti ulioangukia mtoni uukimbie kuliko mwamba. Maji yanapenya kwenye matawi, mtu hapenyi. Kafi nalo ulishike kwenye kile kishikio cha juu muda wote, lisije likamng'oa jirani meno.

Kuogelea hujui, mwambie nahodha mapema. Na usinilaumu mimi kwa hilo, mamba wa hapa unawajua.

Dera uliache Nairobi. Vaa suruali na viatu vya kufunga kamba, malapa yatakwenda na maji. Mama yako amekubali, ingawa alinung'unika.

Usidhani nakuonea aibu. Jana baada ya Alasiri niliwaambia wazee kwamba binti yangu anakwenda kupiga kafi Tana ya juu. Wanaume wazima pale hawajafika hata Hola kwa mtumbwi. Walinyamaza. Lakini ungeniuliza kwanza kabla ya kulipa, si kunitumia video kana kwamba mimi ni mmoja wa rafiki zako.

Basi, uliza Ijumaa usiku, uulize tena Jumamosi asubuhi. Mkitoka majini unipigie kabla ya chakula.

Pesa ulizotuma zimenunua mabati, fundi sasa anadai misumari na mbao, naona ananizungusha. Bakari amerudishwa nyumbani kwa ada, nitauza mbuzi yule mweusi, usitume kitu. Dawa ya presha ya bibi hapa Garsen imeadimika. Itafute huko, mpe dereva wa basi la asubuhi, na safari hii usiifungashe pamoja na sabuni. Mara ile bibi alikataa kuimeza akisema vidonge vinanuka nguo.

Baba yako.