Barua ya wazi kwa mjomba anayevua Alabama

Shikamoo mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili ndani ya matatu, mpaka abiria wa pembeni akauliza huyo mzee amegombana na nani. Nikamwambia: na serikali ya Marekani, kisa vikwazo vya kuvua samaki. Akacheka sana. Mimi sikucheka, maana mshipi ulinifundisha wewe.

Umenirudisha tena mwaka 2017, ule msimu wa kuvua snapa wekundu, wale samaki wa baharini, katika maji ya Ghuba ya Mexico yanayosimamiwa na serikali kuu, uliotangazwa kuwa siku 3 kwa wenye mashua zao binafsi. Siku tatu! Mtu anahudumia injini mwaka mzima, ananunua mafuta, barafu na chambo, halafu siku zenyewe bahari ichafuke. Hapo nakuunga mkono bila kupepesa macho. Makelele yenu yakafika Washington, mkaongezewa siku 39. Ila ukisimulia kisa hiki huwa unaruka kipande kimoja: waliotoa siku hizo walikiri wenyewe kwamba samaki wangevuliwa kupita kiwango. Haikuwa haki kupatikana, mjomba. Ilikuwa kunyamazishwa.

Shida yenu hasa naiona kwenye hesabu. Samaki wa wafanyabiashara hupimwa kwa mizani wanaposhushwa. Nyinyi wa ufito mko wengi mno, kila mtu na gati lake, kwa hiyo mnakisiwa kwa dodoso na sampuli. Mkikisiwa vibaya, msimu unafupishwa. Ndiyo maana nilipenda jimbo lenu la Alabama lilipoanza mwaka 2014 kuwataka mripoti kila snapa mnayemleta nchi kavu. Hesabu ya jimbo ikatofautiana sana na makadirio ya serikali kuu, na safari hii mlikuwa na namba mkononi, si hasira peke yake. Mwaka 2018 majimbo ya Ghuba yakaanza kujipangia misimu kwa majaribio, na 2020 mpango ukawa rasmi. Wewe unasema ni siasa. Sawa, siasa ilikuwepo.

Huku kwetu hakuna anayenihesabu. Kinachonipimia ni bei. Mwaka 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba petroli hapa Nairobi ikafika shilingi 217.36 kwa lita. Tulikuwa wanne wa kuchanga gari la kwenda kuvua Ziwa Naivasha kila mwisho wa mwezi. Nimebaki peke yangu na matatu. Ufito nimeutia kwenye bomba la plastiki, na juzi makanga alitaka bomba lilipiwe kama abiria. Tulibishana mpaka Uthiru. (Nililipa nusu.) Trauti, wale samaki wa mito baridi ya milima ya Aberdare, ndio usiniulize. Wapo kule tangu 1905, lakini mito yao mingi mizuri iko ndani ya hifadhi, kwa hiyo unalipa langoni na kibali cha kuvua juu yake kabla hujalowesha hata kidole. Tajiri hana shida. Fundi wa Gikomba mwenye ndoana tatu na Jumapili moja hana pa kwenda.

Na usiniambie basi vikwazo vyote viondolewe. Naivasha ilifungwa mwaka mzima 2001 kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na walioumia kwanza ni wale wanaokula kwa nyavu, si sisi wa kujifurahisha. Unalikumbuka Bwawa la Nairobi, pale uliponionyesha kufunga ndoana kwa meno? Magugu maji yamelifunika, na maji machafu ndiyo yaliyoliua, si wavuvi, hilo nakubali. Lakini leo hakuna askari wa kukuzuia kutupa mshipi pale, siku yoyote, samaki wowote. Nenda ukavue.

Sasa ile video uliyonitumia. Snapa wawili kwa mtu kwa siku, ndiyo ruhusa, na wawili nimewaona kwenye barafu. Wa tatu ulimrudisha majini. Nimeirudia sehemu ile mara kadhaa: alitoka kina kirefu, hewa imemvimba ndani, macho yamemtokeza, tumbo limetokeza mdomoni kama puto jekundu. Ulipomwachia alilala ubavu, akaelea, na kabla hujageuza simu shakwe alikuwa ameshatua. Sheria iliyoanza 2022 iliwataka muwe na kifaa cha kumrudisha samaki chini au sindano ya kumtoa hewa. Sikukiona chochote karibu yako ila chupa ya soda.

Huyo wa tatu ulimwandika popote?

Nipigie Jumapili jioni. Mama naye anataka kukusalimia.

Mpwa wako,
Nairobi