Malalamiko Kuhusu Data Zetu Kuhamishiwa Eneo Lisilotambuliwa Kuwa Nchi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUHAMISHWA KWA SEVA ZETU BILA RIDHAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Huu ni mwaka wa tatu mnatutunzia hifadhidata ya wateja wetu, yenye majina, anwani na kumbukumbu za malipo. Wiki mbili zilizopita huduma ilikatika kwa saa 31. Tulipouliza kulikoni, tulijibiwa kwa mstari mmoja kwamba jenereta ya kituo kipya imeharibika na boti ya mafuta imezuiwa na mawimbi. Boti! Ndipo tulipofahamu kwamba seva zetu ziko juu ya jukwaa la chuma baharini, ambalo wenyewe wamelitangaza kuwa nchi huru na ambalo hakuna serikali hata moja inayolitambua.

Kifungu cha 14 cha mkataba mlioufanyia marekebisho kinasema migogoro itaamuliwa kwa sheria za nchi mwenyeji. Mwenyeji huyo hana mahakama tunayoweza kufungua kesi, wala hatuoni ni mahakama gani ya nchi nyingine itakayokubali kutekeleza hukumu ya dola ambayo serikali ya nchi hiyo nyingine haiitambui.

Mmejitetea kwamba huko data ziko nje ya mkono wa sheria. Mkono huo ndio tulioutegemea sisi: fundi wenu akinakili hifadhidata yetu na kuiuza, tutamshtaki wapi? Isitoshe, nyinyi wenyewe hamko nje. Kampuni yenu imesajiliwa katika nchi inayotambuliwa, ankara zenu hulipwa kupitia benki ya nchi hiyo, na intaneti ya jukwaa hupitia kwa jirani mwenye pwani, ambaye anaweza kuikata akipenda. Hakimu hana haja ya kupanda boti kuzifuata seva. Atawaamuru wakurugenzi wazikabidhi, na wakikaidi akaunti zitazuiwa.

Haya yalikwishatokea. Mwaka 2000 kampuni ya HavenCo ilianza kuuza huduma ya namna hii kwenye Sealand, ngome ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliyo baharini mkabala na Suffolk, Uingereza, ambayo nayo wenyewe waliitangaza kuwa nchi. Wenye ngome walijivunia uamuzi wa mahakama ya Uingereza wa mwaka 1968 kwamba iko nje ya mipaka ya nchi hiyo, ila mwaka 1987 Uingereza ilipanua eneo lake la bahari kutoka maili 3 hadi 12, nayo ngome ikajikuta ndani bila kusogea hata hatua moja. Mwaka 2006 moto wa jenereta uliiunguza vibaya, na kufikia 2008 HavenCo ilikuwa imefunga shughuli. Mngeisoma historia hiyo kabla ya kuhamisha mali za watu.

Kwetu sisi hasara imeshaanza. Fomu ya kuhuisha bima inatutaka tuchague kwenye orodha nchi zinamohifadhiwa data, na jukwaa lenu halimo. Tukichagua nchi ya jirani tutakuwa tumedanganya. Tukiacha wazi, kampuni ya bima itapata sababu ya kukataa kulipa. Wateja wetu walio Umoja wa Ulaya nao wana haki, chini ya sheria ya ulinzi wa data inayotumika tangu 2018, ya kuelezwa data zao zimepelekwa wapi na kwa kinga gani, na barua ya kuwaeleza hivyo hatujui tuianze vipi.

Tunataka, ndani ya siku 14, data zote zirejeshwe kwenye kituo kilicho katika nchi iliyotajwa kwenye mkataba wa awali, nakala zilizobaki jukwaani zifutwe na tupewe uthibitisho wa maandishi uliosainiwa na mkurugenzi, na malipo ya kipindi chote ambacho seva zilikuwa huko yarudishwe. Ankara ya mwezi huu hatutailipa mpaka hayo yatimizwe. Muda huo ukipita, tutafungua kesi mahali kampuni yenu iliposajiliwa.

Wenu,
Mkurugenzi wa Uendeshaji