Barua kwa mwanangu: binti wa mfalme aliyerudishwa kwao

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini wafalme wa Ulaya wa karne ya 18 walioza watoto wadogo namna ile, tena ndugu kwa ndugu. Chukua posa moja tu, ya Ufaransa na Hispania, uifuate mpaka ilipovunjika.

Nchi hizo zilitawaliwa na ukoo mmoja, Bourbon, na bado zilipigana hadi 1720. Louis XV wa Ufaransa alikuwa mtoto, nchi ikiendeshwa kwa niaba yake na Philippe d'Orléans, mtu wa ukoo huohuo. Philip V wa Hispania alikuwa ami yake Louis. Katika kupatana, 1721, wakakubaliana kubadilishana mabinti: Mariana Victoria wa Philip aolewe na Louis, na Louise Élisabeth wa Orléans aolewe na Luis, mrithi wa Hispania. Makabidhiano yalifanyika Januari 1722 kwenye kisiwa kidogo cha mto Bidasoa, mpakani, asiwepo wa kusema amemfuata mwenzake kwake.

Watoto wa ndugu hawakuweza kuoana bila kibali cha Papa, lakini kibali hakikuwa kikwazo kikubwa kwa wafalme. Kikwazo kilikuwa umri. Kanisa lilitaka msichana awe na miaka 12 na mvulana 14. Louise Élisabeth alikuwa na 12, akafungishwa ndoa mwezi huohuo. Mariana Victoria alikuwa na miaka 3! Ndoa yake ingengoja hadi 1730, na mtoto baadaye zaidi. Sidhani Orléans alikosea hesabu: Philip alikwisha kukana haki yake ya kiti cha Ufaransa kwenye mapatano ya Utrecht, 1713, kwa hiyo Louis akifa bila mtoto, kiti kingekwenda kwa nyumba ya Orléans.

Orléans akafa Desemba 1723, na madaraka yakaenda kwa Duke wa Bourbon, hasimu wa nyumba hiyo. Februari 1725 Louis akaugua siku chache, Duke huyo akaingiwa na hofu kwamba kiti kingewaendea Orléans. Ikaandaliwa orodha ya mabinti wapatao 100 wa kuchukua nafasi ya Mariana Victoria, wakachujwa kwa dini, umri na afya. Akabaki Marie Leszczyńska, miaka 22, binti wa Stanisław, mfalme wa Poland aliyepinduliwa. Hakuwa na mali wala jeshi nyuma yake, ila angeweza kuzaa mara moja. Alifungishwa ndoa kwanza Strasbourg, bwana harusi akiwakilishwa, kama wakala wa kwetu kwenye nikahi, kisha Fontainebleau tarehe 5 Septemba.

Mariana Victoria, miaka 7, alikwisha kurudishwa. Hispania nayo ikamrudisha Louise Élisabeth, ambaye ndui ilimfanya mjane 1724, pamoja na mdogo wake aliyekuwa ameposwa na Carlos, mwana mwingine wa Philip, kisha Aprili ikafunga mkataba na Austria, adui wake wa zamani. Mariana Victoria aliozwa Ureno 1729.

Marie alizaa watoto 10. Baba yake, baada ya vita vya urithi wa Poland, alipewa jimbo la Lorraine la kutawala maisha yake yote. Alipofariki 1766 likawa la Ufaransa. Mwenye Lorraine, Francis, aliliachia ndipo akakubaliwa kumwoa Maria Theresa wa Austria, 1736. Binti yao, Marie Antoinette, ndiye aliyeozwa mjukuu wa Louis na Marie mwaka 1770.

Mama yako