RISALA YA KLABU YA SAYANSI NA UANDISHI KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUMKUMBUKA ALFRED RUSSEL WALLACE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika mwenyewe bila kutuma mwakilishi. Jambo hilo tumeliona, na limetutia moyo.

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache waliopenda kukusanya wadudu na kuandika habari zao. Leo ina wanachama katika kila kidato. Mkusanyo wetu wa vipepeo na mbawakawa, wote wakiwa wamebandikwa majina, ni hazina ya kisayansi kwa shule ya ngazi yetu, na gazeti letu la ukutani limeinua uandishi wa sayansi katika shule nzima. Tuna mengi ya kueleza kuhusu mafanikio hayo, lakini tunayaacha ili tufike kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hatukumchagua Wallace, mwanasayansi wa Uingereza aliyechunguza wanyama na wadudu, kwa kubahatisha. Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na Usk, Wales, katika familia iliyoishiwa. Kufikia umri wa miaka 14 alikuwa ameshaacha shule, akaenda kupima ardhi pamoja na kaka yake. Chuo kikuu hakukanyaga. Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu Leicester, na mji huo ulikuwa na maktaba. Humo alisoma safari za mtafiti Mjerumani Alexander von Humboldt na insha ya Thomas Malthus, aliyesema kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Na kwa kadiri alivyokumbuka mwenyewe uzeeni, humo ndimo alimokutana na Henry Walter Bates, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akijifunza biashara ya soksi. Bates akamwonyesha mbawakawa wake waliopangwa, na Wallace akapigwa na butwaa kuona kwamba aina zote zile zilipatikana jirani na mji uleule.

Miaka minne baadaye marafiki hao wawili walipanda meli kwenda Amazon, Amerika Kusini, kukusanya wanyama na wadudu. Wallace alipokuwa akirudi mwaka 1852, meli yake ilishika moto katikati ya bahari. Sehemu kubwa ya alichokusanya ikateketea, naye akakaa siku 10 ndani ya mashua kabla ya kuokolewa. Hakufika nyumbani kuwa ombaomba kwa sababu wakala aliyemuuzia vielelezo vyake London, Samuel Stevens, alikuwa amekwisha kuikatia bima mizigo ile. Stevens hakungoja kuombwa.

Mwaka 1854 Wallace alisafiri tena, sasa kwenye visiwa vya Malay, kusini-mashariki mwa Asia, akakaa huko miaka 8 na kukusanya vielelezo 125,660. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Kijana wa Sarawak aitwaye Ali alimpikia, akamwindia na kuchuna ndege, akamuuguza alipougua. Ni Ali aliyerudi siku moja kisiwani Bacan akiwa na ndege mwenye kifua cha kijani na manyoya marefu meupe yaliyochomoza kwenye mabawa, ndege ambaye leo anaitwa kwa jina la Wallace. Sisi katika klabu tunaona lingefaa zaidi jina la Ali.

Mapema mwaka 1858, akitetemeka kwa homa, Wallace aliikumbuka ile insha ya Malthus aliyoisoma Leicester miaka mingi nyuma, na kutokana nayo akapata wazo la uteuzi wa asili, yaani kwamba viumbe wanaoyamudu mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa, na hivyo aina za viumbe hubadilika. Alimwandikia Charles Darwin, mwanasayansi mwenzake aliyekuwa amekwisha kufikia wazo hilohilo, na tarehe 1 Julai mwaka huo maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London. Tafadhali, Mheshimiwa, tunaomba uliangalie jambo hili kwa makini: kitabu kilichofunguliwa na mwalimu maskini kwenye maktaba ya mji kilizaa matunda upande wa pili wa dunia. Kingekuwa kimefungiwa kabatini, kisingemfikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Vitabu vyetu vimefungiwa kabatini. Viko kwenye makabati mawili ya chuma ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Ufunguo anao yeye, naye ana vipindi asubuhi hadi mchana. Anayetaka kitabu husimama mlangoni wakati wa mapumziko, na kengele hugonga foleni ikiwa bado ndefu. Mahali pa kukaa na kusoma hapapo, na kwa sababu hiyo hapapo pia mahali ambapo mwanafunzi mmoja angemkuta mwenzake ameinamia kitabu anachokipenda yeye.

Boma la maktaba lipo. Wazazi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao, na sisi tulisomba maji. Kuta zimefika kwenye linta. Jiwe la msingi liliwekwa na mgeni rasmi aliyekutangulia, ambaye aliahidi mbele ya umati kama huu kwamba kupaua tumwachie yeye. Tulipiga makofi kwa muda mrefu. Aliyemfuata akaahidi mabati, na wa baada yake akasema suala letu liko mezani kwake. Tumeandika barua za kukumbushia kwa adabu zote. Mvua sasa imeanza kula kozi za juu za matofali, na waliosomba maji wengi wao wamemaliza shule bila kusoma ndani ya jengo hilo.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunayasema kwa sababu Darwin naye aliwahi kuanzisha jambo likakwama. Aliona Wallace hana kipato cha uhakika, akataka serikali impe pensheni. Rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, alimkatisha tamaa, wazo likalala. Darwin akalifufua, akaandika barua, akatafuta saini za wanasayansi wakubwa, akazipeleka kwa Waziri Mkuu Gladstone, na mwaka 1881 Wallace akaanza kulipwa pauni 200 kwa mwaka. Urafiki wa namna hiyo ndio tunaouomba kwako.

Tunahitaji mbao za kenchi, mabati, milango, madirisha, rafu na meza. Hadubini pia tunaihitaji, lakini hiyo tutaiombea siku nyingine. Ukiweza kenchi peke yake, tutaipokea kwa shukrani. Tunachoomba kwa unyenyekevu ni utaje tarehe, na jina la mtu katika ofisi yako ambaye katibu wetu atamfuata tarehe hiyo ikipita. Makadirio ya fundi na nakala za barua zetu zote zimo kwenye faili lililo mezani mbele yako. Kabla ya kuondoka, tunakuomba utembee nasi hadi kwenye boma ujionee.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wanachama