Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Jiko Lenye Dohani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu wa LC (baraza la mtaa), mwalimu mkuu na walimu, wazee wetu, wazazi wenzangu na watoto wetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuja kwetu Malaba, hapa mpakani mwa Uganda na Kenya. Foleni ya malori uliyokutana nayo ndiyo jirani yetu wa kila siku. Karibu sana.

Shule hii ilianza na madarasa mawili ya udongo yaliyojengwa na wazazi. Leo tuna darasa la kwanza (P.1) hadi la saba (P.7). Kwa upande wa mazingira tumepiga hatua kubwa mno: tumepanda miti 120 upande wa barabara kuu, na zaidi ya nusu imeshika. Taka hazichomwi tena uwanjani. Tunathubutu kusema shule yetu ni mfano kwa shule zote za mpakani.

Hayo tumeyaweza wenyewe. Lililotushinda ni moshi.

Malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na mbele zaidi hungoja hapa injini zikiunguruma, na kiangazi vumbi huongezeka juu yake. Barabara hatuwezi kuihamisha, na wengi wetu riziki yetu iko pale. Lakini moshi mzito kuliko wote, Mheshimiwa, tunauwasha sisi wenyewe, kila asubuhi, hatua 6 kutoka dirisha la P.1.

Jiko letu ni mafiga matatu chini ya bati. Mama mpishi hukoroga uji amejifunga leso puani, macho mekundu. Ikifika saa nne, wakati wa kuweka maharage, upepo hugeuka na mwalimu wa P.1 hufunga madirisha. Watoto husoma gizani, kwenye joto, na moshi huingia vilevile kwa juu ya ukuta. Yuko mtoto ambaye bibi yake humfungia pampu ya pumu kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa vitabu. Muhula huu ameitumia darasani mara 3.

Wataalamu wametueleza kwamba chembe za moshi huo ni ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kinatengeneza vifaa vya kupima hewa ya miji yetu. Hapa shuleni hatuna kifaa. Tuna kikohozi cha watoto, na nimonia tunaijua kwa majina ya watoto wetu.

Mheshimiwa, mwaka juzi mgeni rasmi wa siku kama ya leo alisimama hapo ulipokaa, akaahidi jiko kabla ya muhula wa tatu. Tulipiga vigelegele. Wakaja watu wawili na futi kamba, wakapima, wakaandika, wakaenda. Wazazi tukachanga, tukanunua matofali 4,000. Yako nyuma ya choo. Ya juu yameanza kumomonyoka kwa mvua. Aliyemtangulia naye aliahidi hilohilo. Tuliwapokea wote kwa heshima, hivyo hatutawataja. Ila utuwie radhi tukisema kwamba neno "tutaliangalia" limetuchosha.

Ombi letu ni moja. Tunaomba majiko mawili ya kujengea, yenye dohani ndefu, na banda lake kwenye kona ya chini ya uwanja, mbali na madarasa. Majiko ya aina hiyo hula kuni kidogo, nasi kuni tunanunua. Matofali, mchanga na nguvu kazi ni vyetu. Tumepungukiwa saruji, mabati, vyuma na ujira wa fundi: shilingi milioni 7. Makisio ya fundi tumeyaambatanisha.

Kabla hujapanda gari, tunakuomba upite jikoni. Mama mpishi anakungoja, na moto umewashwa. Kisha utuambie, mbele ya wazazi hawa, tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Wazazi