Kukakamaza kwa gundi vitambaa vya makochi kwa ajili ya maonyesho

Habari za jioni wanakikundi. Kila mmoja alete vitambaa 3 vya kufuma vya pamba. Nyuzi za akriliki hazinywi gundi vizuri, umbo litalegea. Vifueni kwanza kwa sabuni, maana mafuta ya mikono huzuia gundi kuingia.

Changanya gundi nyeupe ya mbao vikombe 2 na maji kikombe 1. Tusitumie maji ya sukari: kwa unyevu wa pwani hunata tena na kuita sisimizi. Loweka dakika 10, kamua kwa kubana bila kusokota, kisha tandaza juu ya bakuli lililofunikwa nailoni. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu; doa la kutu kwenye uzi mweupe halitoki kirahisi. Kabla gundi haijakauka, pitisha brashi kavu kwenye matundu yote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: tundu likiziba, kivuli chake ukutani hupotea, na kivuli ndicho kazi yenyewe. Anika kivulini siku nzima.

Tutavining'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki, sentimita 30 kutoka ukutani, tukivimulika kwa balbu moja ndogo. Taa ya tyubu hufifisha kivuli.

Tazameni pia kazi za msanii Joana Vasconcelos wa Ureno, anayevika wanyama wa kauri vazi la krosheti. Vitambaa hivi vya sebuleni navyo vinastahili kutazamwa kwa makini hivyohivyo.

Tafadhali msitumie vile vya bibi zenu. Gundi hii ikikauka haitoki kirahisi.