Krismasi njema, hasa kwa mnaotukusanya

Habari zenu wapendwa, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya kwa wote, mlioenda kijijini, mliobaki mjini kwa sababu ya zamu, na nyie wa ughaibuni mnaokula pilau na makoti mwilini 😄

Desemba ndo vikoba vinavunjwa, watu wanagawana, wanapiga picha, mwenyekiti anapigiwa makofi kidogo basi yameisha. Mi mwaka huu nimemkumbuka mwenyekiti mmoja wa zamani sana wa kule Marekani, dokta Daniel Adams, wenzake walimwita Doc. Mwaka 1845 ilianzishwa klabu ya besiboli (ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo) ya Knickerbocker pale New York, yeye akajiunga kama mwezi mmoja baadae, na 1847 wakampa urais. Urais wenyewe sasa! Uwanja uko ng'ambo ya mto Hudson, Hoboken huko, mpaka upande kivuko, jamaa wanaona uvivu, anafika anakuta watu wawili watatu tu wamesimama. Uzeeni alikuja kusimulia jinsi alivyokuwa anawabembeleza waje mazoezini. Admin yeyote wa kundi la familia hapo ameshaelewa kila kitu.

Mipira nayo ilikuwa shida, akawa anaitengeneza mwenyewe, vipande vya raba katikati, anazungushia uzi weee mpaka inajaa, juu anavika ngozi, na alifanya hivyo miaka 6 au 7, anawapa hadi klabu nyingine, mpaka alipompata fundi mmoja Mskoti wa matandiko ya farasi akamwonyesha ngozi ya farasi ndo inayofaa. Na kwa kuwa mipira yenyewe ilikuwa miepesi, ukiirusha toka mbali haifiki, Doc akasogea katikati aipokee na kuirusha tena, ndo ikazaliwa nafasi ya shotistopu, yule mchezaji wa kati anayedaka na kupitisha mpira. Yani mtu kaziba pengo tu.

1857 klabu zikakaa kikao, yeye kwenye kiti, wakakubaliana besi, yaani vituo wanavyokimbilia wachezaji, zipishane futi 90 na mchezo uwe raundi 9, na mpaka leo ni hivyo hivyo.

Sifa sasa! Alizibeba zaidi mwenzake Alexander Cartwright, ambaye 1849 alishaondoka kufuata dhahabu California akaishia Hawaii, na jina lake liko Cooperstown, kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli, tangu 1938. Doc alipigiwa kura ya kuingia humo 2015, zilitakiwa 12, akapata 10. Mwaka uliofuata karatasi za zile sheria alizoziandika kwa mkono wake zikauzwa mnadani zaidi ya dola milioni 3, karatasi jamani, mwenyewe bado yuko nje ya ukumbi.

Haya, mweka hazina wetu, siku ya Krismasi usiguse sufuria, kaa uletewe, na soda ya baridi juu. Na nyie ambao mchango wa Novemba hamjamaliza, mnajijua, sikukuu njema kwenu pia 😂